Pikipiki Inayozima Mvuani Ipimwe kwa Maji

Msikilizaji, masika yakishaanza, Machi kuelekea Aprili, mafundi wa pikipiki wa upande wetu wa Ukonga hapa Dar es Salaam, kuanzia Banana mpaka Pugu, hupokea lalamiko la aina moja: "Fundi, chombo kikinyeshewa kinazima." Mvua ikikatika na jua likitoka, chombo hichohicho kinawaka kwa kiki moja. Ikinyesha tena kinazima tena, na hakichagui pa kuzimia. Kinazima katikati ya Barabara ya Nyerere, lori la mzigo liko nyuma, mama aliyepakiwa ana mtoto mgongoni.

Nataka tuuzungumze ugonjwa huu leo kwa sababu unawala vijana wetu pesa nyingi pasipo haja. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: hitilafu inayoletwa na maji haitafutwi juani. Fundi anayepokea pikipiki ya namna hii saa saba mchana, ikiwa kavu, akabadilisha kitu, akaizungusha mpaka Moshi Bar na kurudi, kisha akasema imepona, hajapima chochote. Pikipiki ilikuwa inatembea hata kabla hajaigusa. Anayetaka kujua kama imepona, ailowanishe.

Yupo dereva mmoja wa upande wa Mazizini, kijana mtaratibu, chombo chake cha mkataba, cha tajiri anayepelekewa hesabu kila jioni. Masika fulani alizungushwa mpaka akakata tamaa. Alianza kwa kuuziwa plagi mpya. Mvua iliponyesha, ikazima. Akaambiwa ni CDI, kile kisanduku kinachorusha moto wa plagi, akanunua. Juani ikaenda vizuri, mvuani ikazima. Ikaja zamu ya koili, kisha kabureta ikafumuliwa na kuoshwa, na mwisho akaambiwa wayaringi yote imechoka, atafute pesa ibadilishwe. Kila mara alilipia spea, akalipia na ufundi, na kila jioni hesabu ya tajiri ilikuwa palepale inamsubiri. Aliyemtoa kwenye mateso hayo ni fundi mtu mzima ambaye kabla ya kushika spana alimpa stuli akae, akaanza kumuuliza.

"Dogo, ikizima, inazima ghafla au inamisi kwanza?"

"Inamisi kwanza, fundi. Nikiwa na abiria kwenye kamlima ndiyo inazidi."

"Na ukipunguza mafuta?"

"Inatulia kidogo. Nikivuta tena, inazima."

"Taa na honi vinakuwaje?"

"Viko vizuri tu."

"Ukisimama, inakaa muda gani mpaka iwake?"

"Siyo mrefu, mzee wangu. Dakika kama kumi, kumi na tano. Inawaka hata kama bado nimelowa."

Kwa majibu hayo tu, yule mzee alishajua pa kuanzia. Honi inalia na taa zinawaka, kwa hiyo betri, fyuzi na swichi ya ufunguo havikuwa washukiwa wa kwanza. Inamisi kabla ya kuzima, kwa hiyo si waya uliokatika moja kwa moja, maana waya ukikatika injini hukata mara moja bila kuaga. Inazidi ikibeba mzigo, inatulia ikiachiwa mafuta: hapo unaanza kuushuku moto wa plagi. Na inawaka tena baada ya dakika chache huku dereva bado amelowa. Kitu kilicholowa kinakaushwa na joto la injini. Ni kitu gani kilicho karibu na joto la injini na chenye moto wa plagi ndani yake? Akaomba chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni, akawasha injini, akapuliza kidogo juu ya kepu ya plagi, kile kifuniko kinachochomekwa juu yake. Injini ikazima palepale, jua likiwa linawaka.

Walipoichomoa kepu na kuigeuza walikuta ufa mwembamba upande wa chini, mahali ambapo jicho la fundi aliyesimama haliwezi kufika. Kati ya vitu vyote vilivyokuwa vimetajwa kwenye shauri lile, kepu ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote.

Sasa tuingie ndani kidogo, maana dereva anayeelewa kwa nini, hadanganyiki kirahisi. Moto wa plagi si umeme wa volti 12 unaowasha taa. CDI huhifadhi umeme wa mamia ya volti kwenye kapasita, kisha huuachilia kwa mkupuo mmoja kuingia kwenye koili, na koili huupandisha mpaka volti elfu kumi, elfu ishirini au zaidi. Umeme mkubwa kiasi hicho ndio unaoweza kuruka ule mwanya mdogo wa plagi ambao kwa pikipiki nyingi hauzidi sana milimita 0.7. Wazo la kuzalisha umeme wa volti kubwa na kuurusha kwenye plagi lina umri mkubwa: Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch huko Ujerumani, alitengeneza magneto ya volti kubwa mwaka 1902. Vifaa vimebadilika mno tangu hapo, lakini kanuni moja haijabadilika. Umeme wa namna hiyo huruka pale panapoupinga kidogo kuliko pengine. Kazi ya kepu, ya mpira wake na ya ganda la waya ya plagi ni kuuzuia usipate njia nyingine isipokuwa ile ya ndani ya silinda.

Maji ya mvua yenyewe, yakiwa safi, hayapitishi umeme kwa urahisi. Yanayopitisha ni maji yaliyochanganyika na vumbi, tope, masizi na chumvi. Kiangazi kizima pikipiki yako imekuwa ikipita barabara za vumbi za Kivule na Kipunguni, na vumbi lile limetulia juu ya kepu na juu ya ile kaure nyeupe ya plagi. Mvua ya kwanza inaligeuza tope jembamba, na tope hilo linaupa umeme njia ya kushuka kwenye injini kutokea nje, bila kuingia ndani kabisa. Ndiyo maana vyombo vingi huugua mvua za mwanzo, kisha vingine hupata nafuu vikishaoshwa na mvua zinazofuata. Dereva anashukuru anadhani kimepona, kumbe ufa uko palepale unangoja vumbi jingine.

Hapa ndipo ulipo mtego uliowanasa mafundi wengi, na mimi nausema kwa uzito kwa sababu nimeona ukiwatia vijana hasara mara nyingi. Fundi anafungua plagi, anaichomeka kwenye kepu, anaigusisha kwenye chuma cha injini, anapiga kiki. Cheche inaonekana. Anasema, "Moto upo, basi shida ni kabureta." Cheche hiyo imeruka kwenye hewa huru. Ndani ya silinda hewa na mafuta vimebanwa na pistoni, na hewa iliyobanwa huupinga umeme kuliko hewa huru, hivyo volti zinazohitajika ni nyingi zaidi. Ukivuta mafuta na kubeba abiria, mbano unaongezeka. Umeme ambao nje uliruka vizuri, ndani unakuta kazi ngumu, na ukipata ufa uliolowa pembeni, unapita huko. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inahitaji mwako mara 50 kila sekunde, hivyo hata kukosa moto mara chache tu dereva anakusikia mara moja kama kumisi. Kwa hiyo kipimo cha plagi juu ya chuma kinakwambia jambo moja tu, kwamba mfumo wa moto haujafa. Hakikwambii kama una nguvu ya kutosha mvuani.

Basi kipimo cha kweli ni kipi? Ni kile cha yule mzee, lakini kifanywe kwa utaratibu. Washa injini ikiwa kavu, iache itulie, na iwe imesimama kwa stendi ya katikati. Chukua chupa ya kupulizia maji. Usichukue ndoo, wala usimwagie pikipiki yote kwa mara moja, maana ikizima hutajua ni wapi kulikoizima. Puliza eneo moja, subiri, sikiliza. Kama haijabadilika, nenda eneo linalofuata. Mimi huanzia kwenye kepu, nikafuata waya ya plagi kwa urefu wake wote, kisha koili yenyewe, ambayo kwa vyombo vingi imejificha chini ya tangi. Ndipo niende kwenye soketi za wayaringi na CDI, chini ya kiti au ubavuni, na mwisho swichi za mkono. Ukipuliza kidogo huku mtu mwingine akipandisha resi taratibu, jibu huja haraka zaidi.

Kama nafasi ipo, subiri giza. Peleka chombo uani usiku, zima taa, puliza maji kiasi kwenye kepu na waya, uwashe. Umeme unaovuja utauona kwa macho: vicheche vya bluu vinavyotambaa juu ya kepu au vinavyoruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye fremu. Hakuna mita itakayokuonyesha kitu hicho waziwazi namna hiyo. Lakini tahadhari ni lazima. Usishike kepu wala waya kwa mkono uliolowa injini ikiwa inaunguruma, utarushwa, na mwenye tatizo la moyo asijaribu kabisa. Hakikisha hakuna mafuta yanayovuja wala petroli iliyomwagika karibu.

Ukikuta shida ni kepu, usikimbilie gundi. Ufa uliozibwa kwa gundi hudumu siku chache, kisha joto la injini huufungua. Nunua nyingine. Kabla ya kuifunga, tazama ncha ya waya ya plagi. Kepu nyingi zimezungushiwa kwenye waya kwa skrubu ya ndani, na nyuzi za shaba pale nchani zikilowa mara nyingi huota kutu ya kijani. Kama waya una urefu wa kutosha, kata kama nusu sentimita, upate shaba safi, ndipo uzungushie kepu mpya. Fundi mwenye mita anaweza pia kupima ukinzani wa kepu yenyewe. Nyingi zina ukinzani wa karibu omu 5,000 ndani yake, na ikisoma mbali sana na hapo, au isiposoma kabisa, iweke pembeni. Ukipata grisi ya silikoni, paka kidogo ndani ya mpira unaokaa juu ya plagi, maji hayatapenya. Grisi ya kawaida ya beringi haifai hapo, inaula mpira.

Na plagi yenyewe itazamwe. Kaure ikiwa na mstari mweusi unaoshuka kutoka juu kwenda kwenye chuma, umeme umeshajitengenezea njia, na kuifuta hakutoshi. Katika kununua plagi, uangalifu unahitajika kweli, kwa sababu Kariakoo na Gerezani kuna plagi halisi na kuna bandia zenye boksi linalofanana kila kitu. Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Nimesema sana juu ya kepu kwa sababu ndiyo inayosababisha ugonjwa huu mara nyingi. Lakini wako washukiwa wengine ambao watu wa Ukonga wanawajua vizuri kuliko vitabu vya kiwandani, kwa sababu tumewaleta sisi wenyewe. Wa kwanza ni alamu. Pikipiki nyingi za abiria zimefungwa alamu za kuzuia wizi, na sasa hata vifaa vya GPS ambavyo tajiri au mkopeshaji amevifunga ili ajue chombo kilipo. Vifaa hivyo vina uwezo wa kuzima injini, maana yake mtu alikata waya wa mfumo wa moto akaunganisha hapo, mara nyingi kwa kuusokota na kuuzungushia teipu nyeusi. Teipu ikilegea, maji yanaingia kwenye kiungo. Nimeshuhudia pikipiki yenye CDI mpya, koili mpya na kepu mpya ikizimwa na kiungo kimoja cha alamu kilichofichwa nyuma ya taa ya mbele. Kwa hiyo fundi aulize mapema: chombo kina alamu? Nani aliifunga? Na kama kuna kifaa cha mwenye chombo, apigiwe simu kabla hakijaguswa, kijana asije akashukiwa wizi.

Wa pili ni swichi ya kuzimia iliyo mkono wa kulia. Kwenye pikipiki nyingi swichi hiyo huzima injini kwa kuunganisha waya mmoja na ethi. Ikipata maji na kutu ndani, inaunganisha bila wewe kuigusa. Hapa injini hukata ghafla, haimisi. Kipimo ni kuuchomoa waya huo kwenye soketi yake, kisha kulowanisha usukani. Kama sasa haizimi, umempata. Lakini elewa kwamba waya ukiwa umechomolewa, hata ufunguo huenda usiizime injini. Kanyaga breki, ingiza gia na uachie klachi, itazima. Kwenye pikipiki nyingine swichi hukata umeme unaoenda kwenye CDI badala ya kuupeleka ethi, hivyo fundi asome mchoro wa waya wa chombo anachokishika, asifuate mazoea ya chombo cha jana.

Wa tatu ni pikapu, kile kifaa kidogo kilicho ndani ya kava la kushoto karibu na sumaku, kinachoiambia CDI wakati wa kurusha moto. Maji yakipita kwenye gasketi iliyochanika au kwenye mpira wa waya uliokauka, kinapoteza ishara. Hii ni nadra, na kulifungua kava kunahitaji gasketi mpya, kwa hiyo liwe la mwisho.

Injini zenyewe nyingi hazina kosa. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoanza kujaza mitaa yetu, SanLG, Fekon na wenzake, zina injini za ukoo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Honda waliibuni wakijua itabebeshwa mizigo na kutunzwa kidogo, na ndiyo maana inavumilia mengi. Kinachochoka ni mpira, plastiki na viungo vya waya, na hivyo tunavimaliza wenyewe kwa mashine za presha za kuoshea. Maji ya presha yanapigwa moja kwa moja kwenye kepu na kwenye soketi chini ya tangi, yanaingia mahali ambapo mvua ya kawaida isingefika. Mwambie anayeosha apige presha kwenye rimu na madigadi, na injini aimwagie kwa bomba la kawaida.

Zamani madereva walikuwa wakiifunga kepu kwa mfuko wa rambo. Mifuko ile ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na sasa naona vipande vya tyubu. Tyubu inakinga maji ya juu, sikatai, na ikiwa uko njiani na mvua imekushika, ifunge ufike nyumbani. Lakini ikikaa wiki nzima inafungia unyevu ndani na kuifanya kepu ioze haraka zaidi, na fundi anayekuja baadaye hawezi kuuona ufa.

Sasa tuseme umepuliza maji kila mahali na injini haikutikisika. Hapo ugeukie mafuta na hewa, na dalili zake zina sura nyingine. Kama chombo kilizima ukiwa umeshatoka kwenye mvua, au kinaanza kusumbua asubuhi baada ya kulala nje, fikiria maji ndani ya tangi. Mpira wa kifuniko cha tangi ukikakamaa, maji yanayotuama juu ya kifuniko huingia ndani kidogokidogo. Lita moja ya maji ina kilo moja, ya petroli ina kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa ya tangi, mahali hasa ambapo akiba huchota. Ndiyo maana dereva hugundua tatizo mafuta yanapopungua na akageuza koki kwenye akiba. Mafuta yaliyonunuliwa kwenye chupa kando ya barabara nayo yanaweza kuja na maji yake.

Kipimo hapa ni cha bure. Funga koki, legeza skrubu ya chini ya kabureta, kinga mafuta kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, safi na iliyokauka. Iache itulie dakika chache. Kama kuna maji utayaona chini yamejitenga, na mstari unaonekana wazi. Ukiyakuta, kuosha kabureta peke yake ni kupoteza nguvu, maana yatarudi kesho. Tangi litolewe, limwagwe lote, likaushwe, na mpira wa kifuniko ubadilishwe. Wakati huohuo tazama kile kitundu kidogo cha kupumulia kwenye kifuniko. Kikizibwa na tope, hewa haiingii, mafuta hayashuki, na injini inakufa polepole baada ya mwendo fulani. Ikizima hivyo, fungua kifuniko usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mluzi, umeshajibiwa.

Kabureta nayo ina mipira ya kupumulia inayoning'inia chini. Ukipita kwenye dimbwi refu, ncha zake zikizama, kabureta inakosa pumzi na injini inazima. Ukitoka majini, inawaka. Hiyo si spea ya kubadilisha, ni mpira wa kuelekezwa juu kidogo. Na eya klina ikilowa, hasa ile ya karatasi, inakaba hewa. Injini inakuwa nzito, inatoa moshi mweusi, na plagi inatoka na masizi. Vijana wanaotoboa boksi la eya klina ili chombo kilie kwa sauti wajue wameyafungulia maji mlango.

Wanaoendesha nchi za baridi wana tatizo jingine ambalo fundi wetu anaweza kulikuta kwenye maelezo ya ughaibuni, la unyevu wa hewa kuganda barafu ndani ya kabureta. Hapa Dar es Salaam, penye joto, asianzie huko.

Kuna jambo moja ambalo naomba kila mwenye chombo alisikie. Mvua kubwa zikija, Msimbazi unaoshuka kutoka milima ya Pugu hujaa, na wakazi wa Ulongoni wanajua maji hayo yanavyoweza kufunga njia. Pikipiki ikizimika ndani ya maji yaliyofika usawa wa injini, usipige kiki hata moja. Stata usiiguse. Maji yakiingia ndani ya silinda hayabanwi, na pistoni ikilazimishwa kuyabana, mkono unaoiunganisha na krenki unaweza kupinda. Hapo gharama si ya kepu tena. Isukume mpaka nchi kavu, fungua plagi, kisha piga kiki taratibu plagi ikiwa nje, maji yarushwe kupitia tundu lake. Uso wako uwe mbali. Tazama oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imwage yote kabla ya kuwasha, weka mpya, itembeze muda mfupi, uimwage tena. Ni oili mbili kwa siku moja, inauma, lakini injini inabaki.

Nirudi kwenye suala la nani analipa, maana ndilo lililonifanya nichague mada hii. Kwa vyombo vya mkataba, mara nyingi matengenezo ni ya dereva na hesabu haipungui hata siku ya mvua. Fundi anajua hivyo. Tajiri anajua. Kijana aliyekaa gereji kutwa nzima anapoambiwa "lete CDI," hana nguvu ya kubishana, anataka tu arudi barabarani. Mimi naona haki ni hii: kabla spea yoyote haijanunuliwa kwa ugonjwa wa mvua, fundi amwonyeshe mwenye chombo injini ikizima kwa maji pale gereji. Spea ikishafungwa, apulize maji mahali palepale, mwenye chombo akiwa amesimama hapo, na injini iendelee kuunguruma. Ndipo alipwe. Fundi mzuri hatachukia ombi hilo, na wapo wengi wazuri kuanzia Majumba Sita mpaka Gongo la Mboto. CDI ya kujaribia iwe ya fundi mwenyewe, aifunge, apime, na ikionekana siyo yenyewe, aifungue airudishe kwenye kabati lake.

Matajiri nao wana neno la kusikia. Mvua za vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake kabla ya msimu kuanza. Septemba na Februari, kabla hazijaanza, kipeleke chombo chako kipulizwe maji, kibadilishwe kepu kama imekakamaa, kifunguliwe soketi na kusafishwa. Kijana anayekuletea hesabu kila jioni anapita katikati ya malori yanayokwenda na kutoka uwanja wa ndege na Pugu, na injini ikikata akiwa mstari wa kulia, breki za wenzake hazitabiriki. Dereva, ikianza kumisi mvuani usiilazimishe mpaka kituoni. Washa indiketa mapema, sogea kushoto ukiwa bado una mwendo, mshushe abiria upande wa mtaro, umwombe radhi, na nauli ya kipande kilichobaki usimdai.

Ukiwa umesimama pale pembeni na mvua inaendelea, una kazi ndogo ya kufanya. Zima, subiri kepu ipoe kidogo, ichomoe, ikaushe ndani na nje kwa kitambaa kikavu, kausha na kaure ya plagi, irudishe mpaka usikie imebana. Ikiwaka baada ya hapo, umeshampata mshukiwa wako bila kumlipa mtu. Kitambaa kikavu, spana ya plagi, plagi moja na kepu moja ya akiba vinaenea vyote chini ya kiti.